Baiskeli ipi inunuliwe na anayelala chomboni: Mikindani, Mtwara na Lindi

Ukitia nanga Mikindani, soko kuu la Mtwara liko kilomita kama 10 kwa barabara, na kabla ya barabara kuna maji. Vitunguu, unga, dizeli, mtungi wa gesi, wakala wa kutoa pesa, fundi wa injini, vyote viko nchi kavu. Bodaboda zipo, na kwa safari moja nauli yake haimshindi mtu. Lakini anayeishi majini huenda mjini mara kwa mara kwa vitu vidogo vidogo: leo betri za tochi, kesho nati moja ya injini, keshokutwa barafu. Hapo ndipo baiskeli inapolipa.

Tatizo ni kwamba muuzaji anamuuzia mtu wa nyumbani. Atakuuliza unabeba nini na unakwenda wapi. Hatakuuliza baiskeli itapandaje ubavuni mwa chombo, na kwa mtu wa majini swali hilo ndilo la kwanza. Kwa hiyo nimezipanga hapa aina tano za baiskeli kwa kipimo kimoja: je, mtu mmoja aliyesimama kwenye kihori (mtumbwi mdogo wa kushukia pwani) kinachoyumba anaweza kuipitisha baiskeli juu ya ubavu bila kuomba msaada? Likishajibiwa hilo ndipo nikaangalia kutu, kisha spea. Mwendo na rangi ni mambo ya mwisho.

Ya kwanza: ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 20

Nyingi huja kwenye mitumba, uzito wake mara nyingi ni kilo 11 hadi 14. Ikishakunjwa unaishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili unashika chombo. Inaingia chini ya sitaha, haipigwi na mvuke wa chumvi usiku kucha, na haizuii njia ya kwenda kwenye nanga. Maji yakipwa na kihori kikakuachia mbali, unaitia begani na kuvuka tope bila kuburuza magurudumu kwenye maji ya chumvi.

Inchi 20 nimeisisitiza kwa sababu ya tairi. Tairi la inchi 20 la baiskeli nyingi za kukunja ni lile lile la baiskeli za watoto, kipimo cha milimita 406 pale tairi linapokaa kwenye ringi, na baiskeli za watoto ziko kila mtaa. Tairi na tyubu hutavikosa madukani Mtwara wala Lindi. Soma namba ubavuni mwa tairi: ikiwa 406, nunua, ikiwa 451, iache, maana nayo huitwa inchi 20 lakini tairi la mtoto haliingii. Baiskeli za inchi 16 zina mtego wa namna hiyo hiyo. Brompton ya Uingereza ni baiskeli nzuri mno na hukunjika ikawa ndogo kuliko nyingine zote nitakazozitaja, ila tairi lake ni la milimita 349, na la mtoto la inchi 16 ni 305. Likipasuka ukiwa Mikindani, utasubiri mzigo kutoka mbali.

Sehemu ya kuogopa ni kiungo cha kukunjia. Kabla ya kulipa, ikunje na kuikunjua mwenyewe mara kadhaa mbele ya muuzaji. Kisha ifunge, finya breki ya mbele kwa nguvu, isukume mbele na nyuma huku kidole cha mkono wa pili kimekaa juu ya kiungo. Ukihisi kiungo kinacheza chini ya kidole, hata kidogo, muulize kama kinakazika. Kikikazwa kikatulia, sawa. Kikiendelea kucheza, mshukuru na uondoke. Futa vumbi kando ya welidingi pande zote mbili uangalie kama kuna ufa mwembamba kwenye rangi. Rangi iliyopasuka mstari mmoja ulionyooka karibu na welidingi si mkwaruzo wa mzigo.

Upungufu wake ni mzigo. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20 za maji, na hilo linatosha kwenye keria ya baiskeli ya kukunja. Usimwige muuza maji mwenye Phoenix anayepita na madumu manne. Na barabara ya mchanga, kama ukivuka kwa kivuko kwenda Msanga Mkuu, gurudumu dogo linazama mapema. Hapo utashuka na kukokota.

Ukiikosa Mtwara, mtume mtu unayemwamini aitafute Kariakoo na aipakie kwenye basi. Mwambie akupigie picha ya kiungo na ya namba za tairi kabla hajatoa pesa.

Ya pili: ya Kijapani yenye kapu

Hii ndiyo nitakayomshauri yeyote anayeishi na mwenzake chomboni, yaani mmoja juu, mmoja kwenye kihori. Wawili wakishirikiana, kilo 18 au 20 si kitu. Na ukifika nchi kavu, hakuna inayoifikia kwa kwenda sokoni. Kapu lipo mbele, keria nyuma, stendi pana inayoisimamisha imara ukiwa unapakia, madigadi kamili, kufuli la gurudumu la nyuma, na nyingi zina kava linalofunika mnyororo. Kava hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana: mnyororo uliofunikwa haupati mchanga wala matone ya chumvi, na suruali yako haipati grisi.

Zenye gia tatu huwa na gia zake ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), zimefungiwa mbali na maji na vumbi. Kwa mkwezo wa kutoka pwani ya Lindi kwenda sehemu za juu za mji, gia hizo tatu zinatosha kabisa. Valvu yake ni ile ile ya baiskeli za kawaida za hapa, yenye kipira chembamba, kwa hiyo pampu ya fundi yeyote inaingia.

Tairi lake la kawaida ni 26 x 1 3/8. Hili si lile la 26 la baiskeli za gia, ingawa namba ya mbele ni moja. Nunua tairi moja la akiba siku hiyo hiyo unaponunua baiskeli, wala usingoje liishe.

Kama unaweza kuchagua, chukua ya magurudumu ya inchi 24 badala ya 26. Ni fupi kidogo, na ufupi huo utaupenda siku unapoilaza ndani ya kihori.

Ya tatu: Phoenix, Hero, Avon na ndugu zao

Kwa kubeba, hizi zingekuwa za kwanza na sina haja ya kubishana na mtu. Fremu ndefu ya chuma, foki imara, keria inayobeba gunia la mkaa au mtungi mkubwa wa gesi. Spea zake ziko hadi vijijini na hakuna fundi asiyeijua. Lakini ni nzito, nyingi zinapita kilo 20, ni ndefu, na usukani wake mpana unakwama kila mahali. Mtu mmoja kuipandisha chomboni ni kutafuta kuumia mgongo.

Wa jahazi wana dawa: wanaitundika kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) na kuivuta juu kama shehena nyingine. Kama chombo chako kina kapi na mikono ya kutosha, Phoenix inapanda hadi nafasi ya pili kwako. Kwa wengine, inunue kwa nia ya kuiacha pwani. Tafuta mtu mwenye banda karibu na mnaposhukia, mama ntilie au fundi wa boti, mpatane malipo ya kuilaza kila mwezi, na mwambie wazi kama anaruhusiwa kuitumia au la. Mapatano haya yasiposemwa mapema, yanakuja kugombanisha watu waliokuwa wanasalimiana vizuri.

Ya nne: za gia za milimani

Vijana wanazipenda, na mchangani tairi zake pana zinasaidia kweli. Lakini nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina springi mbele, na nyingine hata katikati ya fremu. Springi hizo zinaongeza uzito, na chumvi ikiingia ndani zinakwama moja kwa moja. Gia zake ziko nje, waya wazi, mnyororo wazi. Mara nyingi hazina keria wala madigadi. Ukiipata isiyo na springi yoyote, fremu ya alumini, ukaifunga keria, basi umepata baiskeli nzuri ya kwenda ufukweni Msimbati. Yenye breki za diski iache: diski ikishalowa chumvi inashika kutu haraka, na pedi zake si za kupatikana kila duka.

Ya tano: za umeme

Kwa mtu wa nyumbani mwenye umeme wa uhakika, sina neno nazo. Kwa chomboni, nasema hapana. Ni nzito kuliko zote, na betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi inaweza kupiga shoti na kuwaka moto. Moto kwenye chombo cha mbao kilicho nangani ni jambo la roho za watu.

Nenda dukani na sumaku

Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha. Igusishe kwenye ringi, usukani, spoku na kapu. Ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa kromu. Kinang'aa leo, lakini kromu ikitoboka tu kutu inaanzia chini yake. Isiponasa, ni alumini, au chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Ringi ndiyo muhimu kuliko vingine: ya alumini ni nyepesi, na breki za mpira hushika vizuri zaidi kwenye alumini iliyolowa kuliko kwenye kromu iliyolowa. Mvua za masika zitakuonyesha tofauti.

Fremu ya chuma yenyewe si kosa, kwa sababu inachomeleka kokote. Ila ichungulie ndani. Mwambie muuzaji alegeze nati na kutoa bomba la siti, kisha mulika tochi kwenye tundu. Ukiona vumbi jekundu limejaa ndani, au ukigonga bomba la chini kwa sarafu likatoa sauti ya kufa sehemu moja, maji yalishakaa humo. Bomba la siti likigoma kutoka kabisa, hilo pekee ni sababu ya kushusha bei kwa nguvu: alumini na chuma vikipata chumvi pamoja vinashikana, na kuvitenganisha ni kazi ya nusu siku.

Mazungumzo ya bei yaanzie kwenye vitu unavyoviona kwa macho. "Kaka, tairi hili la nyuma limekwisha, na gololi za mbele zinakwaruza, sikiliza." Zungusha gurudumu aisikie mwenyewe. Bei ya tairi na ya fundi inakatwa hapo hapo kwenye bei ya baiskeli.

Ikishakuwa yako

Kabla haijapanda chomboni hata mara moja, ipeleke kwa fundi pamoja na kopo lako la grisi ya injini ya boti, ile isiyosombwa na maji. Afungue habu zote mbili, ekseli ya pedeli na shingo ya usukani, asafishe gololi na kuzijaza grisi hiyo. Bomba la siti nalo lipakwe, na ulitoe ulipake tena kila mwezi.

Kila ukirudi chomboni, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi. Nusu lita inatosha ukianza na mnyororo ukamalizia na spoku, kwa hiyo usiogope kumaliza maji ya kunywa. Angalia tu maji yenyewe yametoka wapi, kwani visima vingine vya pwani vina chumvichumvi. Ya bomba au ya mvua ni bora. Mnyororo ukikauka, tone la mafuta kila kiungo, kisha ufute yanayobaki nje.

Kwenye kihori ilaze ubavu wa kushoto, mnyororo uwe juu, na weka gunia chini ya pedeli, hasa kama kihori chako ni cha mpira wa upepo. Kabla hujainyanyua, funga kwenye fremu kamba ndefu kuliko kina cha maji, na mwisho wa kamba dumu tupu la lita 5. Ikikuponyoka, dumu litaelea na utaivuta. Bila hilo, baiskeli inakwenda chini mara moja.

Panga safari kwa maji. Kujaa na kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakimbia mbali sana na ufuko. Ukishuka maji yakiwa nusu yanapwa, rudi yakiwa nusu yanajaa. Muda wa kati ni saa kama sita, na unatosha kwenda Mtwara, kununua, kupumzika jua la mchana na kurudi.

Barabara ya Mikindani kwenda Mtwara inapita malori mengi yanayokwenda bandarini, ya makaa ya mawe kutoka upande wa Ruvuma na, msimu ukifika, ya korosho. Upepo wa lori peke yake unakuyumbisha ukiwa na mzigo. Weka kioo kwenye usukani, fulana ya kung'aa mgongoni, taa nyekundu nyuma, na ukilisikia linakuja na jingine likitokea mbele, shuka pembeni yapite yote mawili. Mtungi wa gesi uufunge wima kwenye keria kwa mipira ya tyubu, na kumbuka mtungi wa kilo 6 ni kilo 6 za gesi tu, chuma chake hakimo. Dizeli na vyakula visikae kapu moja. Barafu iende nyuma ndani ya gunia na mfuko wa nailoni, isichuruzikie mnyororo, maana maji ya barafu ya samaki nayo yana chumvi.

Kwenye mfuko chini ya siti kaa na viraka, solusheni, msasa, spana mbili, vipira vya valvu na tyubu moja nzima. Pampu ifungwe kwenye fremu.