Mvinyo mwekundu wa Kifaransa: chupa nne za kifamilia, kwa mpangilio wangu

Kama una pesa ya chupa moja tu, usidanganywe na picha ya kasri kwenye lebo. Picha ni wino tu, na maneno "Grand Vin de Bordeaux" (mvinyo mkuu wa Bordeaux) hayampi mtu daraja lolote. Geuza chupa, tafuta "mis en bouteille au château" au "au domaine": umetiwa chupani palepale shambani. Kisha uliza shamba ni la nani.

Ya kwanza kwangu ni Château Thivin, Côte de Brouilly, huko Beaujolais. Familia ya Geoffray ipo hapo tangu 1877, kwenye mteremko wa mlima wenye mawe ya buluu. Zabibu ni gamay, ukakasi wake mdogo. Nimeiweka juu kwa sababu ya joto letu. Ile "joto la chumba" ya Wafaransa ilikuwa ya nyumba za mawe, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam ina nyuzi 30, na mvinyo wa joto hilo hunuka kileo kabla hujauonja. Thivin haiogopi friji: iache humo saa moja, uinywe na kuku wa kupaka.

Ya pili, Télégramme ya familia ya Brunier, Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa. Walianza 1891 kwenye uwanda wa La Crau, uliowahi kuwa na mnara wa telegrafu ya Claude Chappe, ile ya kupeleka habari kwa ishara za kuonekana kwa macho. Mawe ya mviringo yaliyotapakaa shambani hushika joto la mchana hadi usiku. Kaka yake mkubwa, Vieux Télégraphe, ana bei na anataka kusubiriwa. Télégramme hutoka kwenye mizabibu michanga zaidi, nyingi grenache, na hunyweka mapema. Mbuzi choma, basi. Ila angalia kileo, mara nyingi huvuka asilimia 14.

Domaine Tempier ya Bandol, pwani ya kusini ya Ufaransa, ndiyo niipendayo kuliko zote, na bado naiweka ya tatu. Lucien Peyraud alimwoa binti wa Tempier mwaka 1936, akaipigania zabibu ya mourvèdre hadi Bandol ikatambuliwa kisheria kama eneo la mvinyo 1941. Leo sheria inataka mourvèdre isipungue nusu, na mvinyo ukae miezi 18 ndani ya mapipa ya mbao. Ukiufungua mapema unabana ulimi kama bibo bichi. Unahitaji miaka mahali penye ubaridi, na kabati la Mombasa si handaki la kuhifadhia mvinyo.

Ya nne, Langoa Barton, ya familia yenye asili ya Ireland iliyonunua shamba 1821. Ni daraja la tatu katika orodha ya Bordeaux ya 1855, iliyopanga mashamba kwa madaraja matano. Hiyo ni zawadi ya mzee anayestaafu, si ya Jumapili.

Kuhusu mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye lebo: Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Ufaransa mara moja tu, hivyo baridi ya Aprili 2021 ilipounguza machipukizi hapakuwa na msimu wa pili wa kufidia. Kwa Barton, uliza mwaka. Kwa Thivin, chukua wa karibuni.

Na dukani, papasa juu ya chupa kabla ya kulipa. Kizibo kikiwa kimejisukuma nje, imeshapikwa na jua, irudishe rafuni.