Katiba mezani au mkutano wa mtaa darasani?

Mwalimu wa Uraia hapa Dar es Salaam ana njia mbili za bei nafuu za kuwafundisha vijana wa kidato cha tatu kushiriki mambo ya umma: kuwapa Katiba ya mwaka 1977 waisome, au kuwaigizisha mkutano wa mtaa.

Katiba ina uzito wake. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Lakini lugha yake ni ya kisheria. Ukiwaachia peke yao, wanakariri namba za ibara kwa ajili ya mtihani, basi.

Igizo halihitaji hata karatasi. Mmoja awe mwenyekiti, mwingine mtendaji, waliobaki wakazi. Mada isitoke mbali: mtaro ulioziba taka, maji yakaingia vyumbani kama kule Jangwani mto Msimbazi unapofurika. Nimeona wanafunzi wasionyosha kidole muhula mzima wakisimama kudai mapato na matumizi yasomwe. Inagusa moyo, kweli. Kasoro yake ni muda, na darasa likijaa sana wachache ndio hutawala mazungumzo.

Mimi naanza na igizo. Mwanafunzi aliyekatizwa akizungumza, ukimfungulia kesho yake ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, anaisoma kwa hamu mpaka mwisho, kisha anauliza mkutano wa mtaani kwao hufanyika lini.