Muziki wa Hades: buzuki na gitaa la umeme

Huhitaji kulicheza Hades, gemu la video la 2020, ili kuupenda muziki wake. Mtunzi wake, Darren Korb wa studio ya Supergiant Games, amechukua buzuki, baglama na lavta, ala za upande wa Ugiriki na Uturuki, akazichanganya na gitaa la umeme na ngoma nzito za roki. Mimi sikio langu limelelewa na taarabu, kwa hiyo lavta ilinishika mapema: ni jamaa wa udi kabisa, ila hapa inapigwa kwa hasira.

Lakini kinachonirudisha ni “Good Riddance”. Korb anauimba kama Orpheus, mwanamuziki wa hadithi za Kigiriki aliyempoteza mkewe, mzito, amevunjika moyo. Kisha Ashley Barrett anauimba kama Eurydice, mke huyo, na wimbo uleule unakuwa wa mwanamke aliyeutua mzigo. Sauti yake haina papara hata kidogo. Ushindi nampa yeye.

Vipande vya mapigano vinafanana mno ukivisikiliza mfululizo. Albamu inazidi saa mbili, virukeni vichache. Na tafadhali vaeni hedifoni, maana spika ya simu inaimeza besi yote.