Jenereta ndogo ya petroli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kuuliza bei, toka nje uangalie utaiweka wapi. Kila anayekuja kwenye kibanda changu hapa Arua, Uganda, kutaka ushauri wa jenereta, hilo ndilo swali ninaloanza nalo, na wengi hunishangaa. Wao wanataka kuambiwa jina la mashine, mimi nawauliza habari za uwanja.

Nina sababu. Jioni moja ya mvua kubwa mama mmoja mwenye saluni alinipigia simu. "Fundi, mashine inazimika-zimika, njoo uitazame." Nilipofika nikakuta ameiingiza chumba cha nyuma isilowe wala isiibiwe. Mlango wa katikati ulikuwa umefungwa ili kelele zisisumbue wateja, dirisha limeachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, ananiambia kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Msichana wake wa kazi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nilizima mashine, nikawatoa nje wote wawili kwenye mvua ile ile, tukatafuta boda boda kwenda hospitali. Walipona. Kama ningekawia kunywa chai kwanza, sijui ningekuta nini.

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inajishikiza kwenye damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hasikii kwamba anazibwa pumzi; anasikia usingizi. Kufungua dirisha hakutoshi, na feni haisaidii. Jenereta ikae nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, likiwamo la jirani, na bomba la moshi lielekee kusiko na watu.

Najua kinachowafanya watu waiingize ndani: mvua na wezi. Kwa hiyo bajeti yako ianzie hapo. Nguzo nne, bati moja juu, bila kuta. Chini mwaga zege kidogo, na kabla halijakauka zamisha humo pingu ya chuma ya kufungia mnyororo. Ukishaweka kufuli zuri umemaliza kazi ya siku moja. Waya wa mita 10 au 15 kutoka hapo hadi ndani haupunguzi umeme kiasi cha kukusumbua, mradi usinunue ule mwembamba wa taa, wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa mashine zote nitakazozitaja. Na kama unapanga muzigo, yaani chumba kwenye safu ya vyumba vya kupanga, milango inatazamana na uwanja ni ule wa kuanikia nguo tu, nakuomba usinunue jenereta. Nunua paneli ya jua na betri, hata ndogo. Nasema hivi nikijua napoteza mteja.

Sasa namba. Kwenye kibati cha jenereta kuna namba mbili, na wauzaji hukutajia ile kubwa. Kubwa ni nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa kwa muda mfupi tu. Tafuta iliyoandikwa RATED, ndiyo mashine inayoweza kuibeba saa baada ya saa. Halafu kuna jambo ambalo nadra kusikia likisemwa dukani: injini inavuta hewa, na sisi tunaishi juu. Injini hizi hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Arua na Kampala ziko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo asilimia 14 imeshakwenda kabla hujawasha taa. Kabale, karibu mita 2,000, unapoteza karibu robo. Mashine ya wati 2,000 kwangu hapa ni ya wati 1,700.

Chukua saluni ya yule mama. Draya ya kichwa wati 1,200, mashine ya kunyolea 15, balbu nne za wati 9, televisheni 80. Jumla ni 1,331. Kwenye wati 1,700 zinakaa vizuri, na mashine inabaki na pumzi kama sehemu moja ya tano, jinsi inavyotakiwa. Ila akiongeza pasi au birika la umeme imekwisha. Friji nayo iangalie kwa jicho jingine: imeandikwa wati 150, lakini inapoanza kuzunguka inadai mara tatu au zaidi kwa nukta chache. Pampu ya maji vile vile.

Bei siandiki, maana zinapanda na kushuka na dola, na ya Kampala si ya huku. Nitakwambia tu ipi iko juu ya ipi.

Nafasi ya kwanza: jenereta ya wastani yenye oili yake chini

Hii ni ile ya fremu ya mabomba, tangi juu, wati 2,000 hadi 2,500, injini ya sentimita za ujazo 163 hadi 210. Oili inakaa mahali pake chini ya injini, haichanganywi na petroli. Kwa duka, saluni, nyumba yenye friji moja, ama kanisa dogo, sioni ya kuipita.

Sababu yangu ni vipuri. Honda walitoa injini za familia ya GX mwaka 1983, na tangu hapo viwanda vingi, hasa vya China, vimeiga GX160 na GX200 karibu skrubu kwa skrubu. Injini hiyo hiyo utaikuta kwenye pampu za kumwagilia na kwenye vibreta vya zege. Ndiyo maana kabureta, plagi ya cheche, kamba ya kuvutia na ringi za pistoni zinapatikana Arua, Lira, Mbale, Busia, popote penye duka la vipuri. Plagi ya BPR6ES inaingia, nafasi ya ncha zake milimita 0.7 hadi 0.8. Fundi ambaye hajawahi kuifungua bado anajifunza kazi.

Ya Honda halisi itakugharimu mara kadhaa ya nakala yake, na itaishi zaidi. Ukiwa na kazi ya kila siku na uwezo, chukua halisi kutoka kwa wakala anayetoa risiti na waranti. Ukiwa unangoja tu umeme ukatike mara mbili kwa wiki, nakala nzuri inatosha, lakini iwe na waya za shaba. Hapa nilishaumia mwenyewe. Jenereta yangu ya kwanza niliuziwa kwa maneno "full copper", nikaweka sumaku kwenye waya, haikunata, nikaridhika. Sumaku hainati kwenye shaba, na hainati kwenye alumini pia! Miezi mitano baadaye koili ikaungua, nikaikwangua varnishi nyekundu kwa wembe, chini kukawa kweupe kama sufuria. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo ikipewa unene ule ule inachemka. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma, akwangue kidogo ncha ya waya pale unapoungwa. Akikataa, nyanyua mashine mbili za saizi moja. Ya shaba utaisikia mgongoni.

Mashine hii ina kosa moja linaloiua kuliko yote, na linatokea siku ya kwanza. Inatoka kwenye boksi bila oili. Weka kama lita 0.6, iwe kwenye ardhi sawa, na unapopima chomeka kijiti bila kukikaza. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 20 za kazi, utaona vumbi la chuma likimeta ndani yake. Baada ya hapo vitabu vinasema kila saa 100 au miezi 6. Kwa vumbi letu jekundu la murram mimi nawaambia watu saa 50, na chujio la hewa lioshwe kwa sabuni kila wiki ya kazi, likauke kabisa, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa.

Nafasi ya pili: ya inveta

Hii ni ile iliyofunikwa yote kwa plastiki, unaibeba kama sanduku; inveta ni bodi ya elektroniki inayonyoosha umeme wake. Injini inazunguka taratibu mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo haipigi kelele na hainywi sana. Honda EU22i, kwa mfano, ina uzito wa kilo 21 hivi na inatoa wati 1,800 za kudumu. Tangi lake la lita 3.6 linakwenda saa tatu na nusu kwa mzigo kamili, na zaidi ya saa nane ukiwa na kompyuta na taa tu. Umeme wake ni safi, haurukiruki. Mwenye ofisi ya kuchapa, studio ya muziki au vifaa vya maabara ya kliniki, kwake hii naiweka ya kwanza.

Nimeiteremsha kwa ajili ya wengine wote kwa sababu ya bodi yake ya elektroniki. Ikifa, mafundi wa kuitengeneza ni wachache, na kipuri kinaweza kukaribia bei ya mashine nyingine. Na uzito mdogo humvutia mwizi. Mnyororo wake uwe mnene. Utulivu wake pia unadanganya watu waiweke sebuleni. Moshi wake ni ule ule.

Nafasi ya tatu: mtumba

Jenereta iliyotumika kutoka Japani inaweza kuwa chuma kizuri kuliko mpya nyingi. Lakini Japani umeme wao ni volti 100, Marekani ni 120, sisi ni 240. Soma kibati. Ukisikia "fundi ataibadilisha", ondoka.

Ikiwa volti ni sahihi, vuta kamba polepole injini ikiwa baridi: lazima usikie ukinzani, pistoni inakukatalia. Ikija laini kama kamba ya kisima, ringi au valvu zimechoka. Toa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Halafu iwashe na mzigo kwa dakika 20. Moshi wa bluu ni oili inaungua, kaa mbali. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio chafu au kabureta, hilo linatengenezeka.

Nafasi ya mwisho: ndogo ya kuchanganya

Ile ndogo ya sentimita za ujazo 63, inayojulikana kwa jina la Tiger hata ikiwa na chapa nyingine. Ni rahisi kununua, ndiyo maana imejaa. Nguvu yake ya kudumu ni wati 650, kwa hapa Arua hesabu 560. Inatosha simu za kuchaji, taa na televisheni. Petroli yake lazima ichanganywe na oili ya injini za namna hiyo kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5. Ukikosea kwa kupunguza, pistoni inashikana. Ukizidisha, plagi inajaa masizi na mtaa mzima unavuta moshi. Ni ya mtu mmoja mwangalifu anayechanganya mwenyewe, si ya duka lenye wafanyakazi wanaopokezana.

Kuna kundi la tano sikulipa nafasi: zile zilizoandikwa 6.5 au 8.5 kVA, yaani kama wati 6,500 au 8,500, huku injini ikiwa ya saizi ya nafasi ya kwanza. Injini ya sentimita za ujazo 200 haiwezi kutoa hizo, hata ufukweni mwa bahari.

Ukishainunua, yaliyobaki ni mazoea. Usijaze petroli ikiwa inawaka au bado moto; zima, subiri robo saa. Petroli isikae ndani ya nyumba, na jerikeni isiwe ya maji ya kunywa. Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukuta ili nyumba nzima iwake: umeme unatoka nje hadi kwenye nguzo, na fundi wa laini aliyepanda akijua umeme umekatika anaupata mikononi. Weka chenjiova, ile swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa jenereta, ifungwe na fundi mwenye leseni.

Na kama hutaitumia kwa wiki tatu nne, funga koki ya petroli uiache ingurume hadi izime yenyewe. Juzi nilifungua kikombe cha kabureta, ile nati moja ya 10 kwa chini, ya mashine iliyolala tangu Krismasi. Ndani kulikuwa na maji kiasi cha kijiko cha chai, na petroli iliyobaki imekuwa gundi ya rangi ya asali, imeziba tundu ambalo hata uzi wa kushonea hauingii. Mwenye mashine alikuwa ameshaambiwa kwingine anunue injini mpya. Ilichukua nusu saa.

Siku ya kwenda dukani, kama si ile ndogo ya kuchanganya unayoifuata, beba pasi yako ya nyumbani, ya wati 1,000. Mwambie muuzaji aweke oili, aiwashe nje, uchomeke pasi, musubiri dakika 15 mkisikiliza. Akisema mashine mpya haijaribiwi, usibishane naye. Beba pasi yako uende duka linalofuata.