Kihisi joto DS18B20 cha nje: kinafaa, ila ukizibe mwenyewe

Kwa anayejenga kituo cha hali ya hewa nyumbani kwa ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), DS18B20 chenye kichuma kisichoshika kutu na waya wa mita moja ni chaguo zuri kwa bei yake. Kinasoma kuanzia -55 hadi 125 °C, na kati ya -10 na 85 °C kosa lake halizidi nusu digrii. Hiyo ni ahadi ya chipu halisi, na sokoni zimejaa za kuiga. Isome namba yake ya utambulisho: ya halisi huanza na 28, na baiti mbili zinazotangulia ile ya mwisho ni 00 00. Za kuiga si zote mbovu, kwa hiyo pima. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza kichuma dakika kadhaa. Kikikaa kati ya -0.5 na 0.5, kitumie. Kupima kwa maji yanayochemka kutakudanganya ukiwa Nairobi, kwani huko huchemka karibu na 94 °C.

Kwa kawaida waya mwekundu ni chanya, mweusi hasi, wa njano data, lakini viwanda haviheshimu rangi sawasawa. Ukigeuza chanya na hasi, kichuma hupata moto papo hapo, chomoa haraka. Weka rezista ya kilo-ohm 4.7 kati ya data na volti 3.3, na tumia nyaya zote tatu, maana chipu nyingi za kuiga hazifanyi kazi kwa waya mbili. Ukirefusha waya kwa kebo ya mtandao, data na hasi zipite kwenye jozi moja iliyosokotwa. Ukiona 85 kamili, programu imesoma kabla kipimo hakijaisha (kwa usomaji wa kina zaidi, wa biti 12, kinahitaji milisekunde 750) au umeme umekatika kidogo. Ukiona -127, waya umeachia.

Udhaifu mkubwa uko pale waya unapoingia kwenye kichuma. Wauzaji husema hakipitishi maji, lakini mara nyingi ni gundi kidogo tu na kijimpira. Mvua ikifuata waya hadi hapo, maji hupenya, na vipimo huanza kuruka. Paka epoksi au silikoni, lakini isiwe silikoni inayonuka siki: asidi yake hula shaba. Kisha kifunge ncha ikiwa juu, waya ukishuka na kupinda chini kabla ya kupanda kwenye boksi, ili maji yadondoke kwenye pindo.

Hata hivyo kihisi bora kikipigwa na jua hupima jua, si hewa. Kisiwe chini ya paa la bati wala ukutani; zege lililopashwa mchana huendelea kutoa joto usiku. Kiweke mita 1.25 hadi 2 juu ya majani, mbali na nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Ushauri wa kukificha upande wa kusini wa nyumba ni wa nchi za kusini zaidi. Dar es Salaam mwezi Juni jua hupita kaskazini, Desemba kusini, kwa hiyo kivuli lazima kizunguke pande zote.

Kwa kivuli hicho, visahani saba au nane vyeupe vya vyungu vya maua vinatosha. Vigeuze kifudifudi, viwili vya juu viache vizima, vingine vitoboe katikati ili kihisi kikae humo, uvipange kwenye vyuma vitatu vyenye hesi, nafasi ya milimita 15 hadi 20 kati yao. Mulika kila kisahani kwa tochi: mwanga ukipenya, hata jua litapenya. Paka rangi nyeusi upande wa ndani, nje pabaki peupe. Nyigu hupenda humo, kwa hiyo chungulia mara kwa mara.

Anayetaka na unyevu wa hewa asinunue hiki, kwani kinapima joto tu. Atafute SHT31, kihisi cha joto na unyevu, yenye kichujio.