Duka la karatasi za marehemu, Sai Ying Pun: wahini kabla ya Qingming

Wenzangu mlioolewa Hong Kong mnajua swali la wakwe kila ifikapo Machi, kabla ya Qingming, sikukuu ya Wachina ya kuzuru makaburi: mwaka huu tunampelekea nini marehemu? Kuna duka dogo Sai Ying Pun, kichochoro kinachotokea Queen's Road West, nyuma ya maduka ya samaki wakavu. Nalipatia nyota zote tano.

Ndani mmejaa hadi darini. Mashati, viatu, simu, seti za mchezo wa mahjong, vikapu vya maandazi ya mvuke, nyumba ya ghorofa yenye gari na mlinzi mlangoni, vyote vya karatasi. Vinachomwa moto, na kwa moshi huo vinamfikia marehemu huko aliko. Kuna mabunda ya noti za Benki ya Kuzimu, tarakimu zake sifuri tupu, na karatasi za kukunja ziwe vipande vya dhahabu au fedha. Zenye dhahabu ni za miungu, zenye fedha ni za wazee waliotangulia. Ukichanganya, mzee mwenye duka anakutolea kapuni na kukupangia upya, bila kukufokea.

Ninachompendea ni kwamba hauzi kabla hajauliza. Mwanamume au mwanamke? Ana muda gani tangu afariki? Alifanya kazi gani? Alipenda kula nini? Mimi Kikantoni changu cha kuombea maji tu, lakini mama mkwe alikaa kwenye kigoda akaeleza yote. Baba mkwe alikuwa fundi cherehani Sham Shui Po, kwenye mitaa ya vitambaa, hadi macho yalipomshinda. Mzee akasikiliza, akasema simu za nini basi, nitamtengenezea cherehani.

Nilirudi siku nyingine nikamkuta kazini. Anapasua mwanzi kwa kisu hadi zinabaki fito nyembamba, anazikunja taratibu, na kila kiungo anakifunga kwa ukanda wa karatasi laini uliolowa gundi. Hakuna msumari wala waya. Juu anavika karatasi nyeusi, kisha maua ya dhahabu ubavuni kama ya cherehani za zamani. Gurudumu linazunguka kweli! Sindano ni karatasi ya fedha iliyosokotwa, na chini yake kaweka kipande cha suruali kilichoshonwa nusu. Hilo hatukuliagiza. Bei ilikuwa dola 680 za Hong Kong, na mama mkwe, ambaye hubishana hadi bei ya kitunguu, alilipa bila neno.

Mwaka uliotangulia tulinunua seti iliyopakiwa tayari kwenye duka jingine, sitalitaja. Shati, saa na miwani vimebanwa kwenye boksi moja, chapa ya mashine, rangi inabaki vidoleni. Mama mkwe aliichoma, ila njia nzima ya kurudi hakusema kitu.

Majivu ya baba mkwe yako Diamond Hill, kwenye jengo la kuhifadhi majivu, ndani ya kijidirisha chenye picha yake; Hong Kong zaidi ya asilimia 90 ya wafu huchomwa, ardhi haitoshi. Tulipanga kuku mzima wa kuchemsha, machungwa, chai na pombe kwenye vikombe vidogo, na vijiti vitatu vya udi kwa kila mtu. Mimi ni Mkristo, siombi mizimu na udi sishiki, na mama mkwe analijua hilo. Kumsindikiza kwa mumewe, hilo ni langu kama mkamwana. Kwenye tanuri alitupa kwanza noti chache za wale wasio na ndugu wa kuwakumbuka, wasije wakampora baba mkwe njiani. Mzigo wenyewe umeandikwa jina la marehemu. Cherehani ilipoingia, karatasi iliondoka mara moja, fito zikabaki zimesimama ndani ya moto. Mama mkwe akasema kwa sauti, "Hiyo hapo, lakini usishone hadi usiku wa manane." Shemeji zangu wakacheka huku wakilia.

Mambo ya kujua: pesa taslimu tu, na kabla jua halijazama mzee wa duka amefunga. Mikoba yenye majina makubwa usimwombe. Mwaka 2016 kampuni ya mitindo ya Gucci iliyaandikia barua za onyo maduka ya aina hii hapa Hong Kong kwa kuiga mikoba yake kwa karatasi, kisha ikaomba radhi, ila yeye anasema kazi ya mkono wake haihitaji jina la mtu. Qingming huangukia tarehe 4 au 5 Aprili, na kwa kitu cha kuagiza nenda mapema Machi, baadaye hapokei tena. Ukikosa, kuna Chung Yeung, sikukuu nyingine ya kuzuru makaburi, siku ya 9 ya mwezi wa 9 kwa kalenda yao ya mwezi. Sisi tumeshaagiza mkasi na meza ya kukatia.