Uzoefu wangu: nimelipia muziki kwa leseni, nimeitwa mwizi

Bei na idadi ya nyimbo za hii maktaba ya muziki ya mtandaoni ziko kwenye tovuti yao, kazisomeni wenyewe. Mimi nina la emoji moja tu.

Baada ya Idi nilitengeneza video ya nyumbani. Bibi yangu, Tanga, amekaa barazani anasuka mkeka, mdomo haufungi, anawachamba wajukuu mmoja baada ya mwingine. Nikataka muziki wa udi uende taratibu chini ya sauti yake. Nikaingia kwenye maktaba hiyo, inayojinadi kuwa muziki wake "hauna hakimiliki, tumia popote", nikalipa, nikapewa na cheti cha leseni chenye jina langu. Nikapandisha video kwenye mtandao wa video ili shangazi aliyeko Muskat na ndugu wengine waione.

Hata chai haijapoa, ujumbe huu hapa: video yako ina kazi ya mtu mwingine. Mtu mwenyewe simjui, jina lake la kisanii hata kulisoma siwezi. Kuanzia hapo matangazo yanawekwa kwenye video yangu na hela anakula yeye. Mimi sijawahi kuomba tangazo hata moja! Nikamfungulia bibi video yake mwenyewe. Kabla hajaonekana, katokea kijana anapayuka: tandika mkeka wako leo, ushinde mamilioni. Bibi akanitazama, "Huyu naye kaingiaje humu?" Nikabaki nacheka kijinga. Shangazi naye akapiga simu kuuliza tumeanza lini mambo ya kamari.

Nikawaandikia maktaba. Wakajibu kwamba leseni yangu ni halali, ila hilo dai ni langu na mtandao wa video, wao halihusiani nao, nikasome masharti. Mwisho wakaweka emoji ya kutabasamu. Yaani mtu nyumba inaungua, wewe unamchekea! Ile emoji ndiyo imenikalisha hapa kuandika.

Nimeyasoma hayo masharti. Kumbe hakimiliki ipo, ya mtunzi. Nilichonunua ni ruhusa ya kuutumia bila kulipa mrabaha kila mara. Sawa, sasa yale maandishi makubwa ya "hauna hakimiliki" waliyaweka ya nini? Na balaa linakuja hivi: mtu anachukua udi uleule, anaimba juu yake, anaupeleka kwa wakala wa kusambaza nyimbo na kutiki kisanduku cha kuulinda. Mfumo wa mtandao wa video unahifadhi alama za sauti za wimbo mzima, pamoja na udi ambao si wake, halafu unaanza kukamata kila aliyeutumia. Hauulizi nani alitangulia. Mwaka 2018 mwanamuziki mmoja wa Australia alieleza kuwa video yake ya saa 10 ya mvumo mtupu, ile shhh ya redio isiyoshika stesheni, ilikuwa imedaiwa mara tano. Shhh ina mwenyewe!

Kwa hiyo labda maktaba nawaonea, mkosaji ni huyo muimbaji. Au wakala. Au mtandao, maana ukipinga dai, anayepewa siku 30 za kujibu ni yuleyule aliyekudai. Kesi ya nyani unampelekea ngedere. Nilituma cheti na risiti, akakataa bila kueleza neno. Hatua inayofuata ni rufaa, na hapo wanakutisha: akiikataa pia anaweza kuomba video iondolewe, akaunti yako ikala onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaifuta akaunti nzima. Harusi, maulidi, watoto wakijifunza kutembea, vyote viende kwa ajili ya udi niliolipia.

Nilikata rufaa hivyohivyo, kwa hasira. Dai likaondolewa. Hakuna samahani, hakuna maelezo, limeyeyuka tu. Nikapoa. Nikasema ngoja niwe muungwana, niwape maktaba nyota tatu, maana muziki wao ni mzuri kweli, huyo mpiga udi ana mkono, na kutafuta wimbo kwao ni rahisi.

Nikiwa katikati ya kuandika hizo nyota tatu, dai jipya. Udi uleule, video ileile, jina jingine kabisa. Kijana wa mkeka karudi. Nimewaandikia tena maktaba na wamejibu neno kwa neno kama mwanzo, nadhani wanabandika tu, na emoji wameibandika pia.

Nyota moja. Na hiyo moja mpeni mpiga udi, sidhani kama naye ameona hata senti kwenye haya matangazo.